Fundi wa Jirani Ameharibu Kwako: Malizana Naye Kabla Hajashuka Ngazi

Nyumba za Dar es Salaam zimebanana. Manzese na Buguruni paa la huyu linamwaga maji kwenye ukuta wa yule. Sinza na Tabata fensi moja inagawa familia mbili. Upanga na Kariakoo jirani yako anaishi juu ya dari lako. Mwenzio akiita fundi abadilishe bati, achimbue chemba iliyoziba au akate mwembe, kazi hiyo inakufikia hata kama hukuambiwa neno. Tofali linadondoka kwenye bomba lako, maji yanaingia chumbani, ukuta uliokuwa mzima unapata ufa.

Katika mambo haya muda ndio unaoamua zaidi ya kitu kingine. Fundi akiwa bado yuko juu, kila mtu anaona kilichotokea na hakuna wa kubisha. Akishalipwa akaondoka na ngazi yake, utaambiwa ufa ulikuwepo tangu enzi za marehemu babu. Na sisi tuna aibu zetu: "haina shida jirani, tutaongea," halafu hatuongei mpaka masika yafike na maji yaanze kuchuruzika. Kwa hiyo hatua nne za mwanzo hapa chini zimalize ndani ya siku mbili tatu, kazi ya jirani ikiwa bado inaendelea.

Hatua ya 1: Zuia madhara yasiendelee

Kabla ya kutafuta mwenye kosa, okoa mali. Maji yakiingia, zima umeme kwenye swichi kubwa, hamisha godoro na vyombo vya umeme, funika kwa turubai. Bomba likipasuka, funga koki ya kwenye mita. Waya wa TANESCO unaoleta umeme kutoka nguzoni ukiguswa na bati au tawi, usiukaribie na usimwite kishoka, yaani fundi umeme asiye wa shirika. Piga simu ya dharura ya shirika. Mchanganyiko wa saruji ukirukia gari, umwagie maji mengi ukiwa bado mbichi. Ukikauka ukaukwangua, unaondoka na rangi ya gari, na mikwaruzo hiyo utaambiwa ni yako. Rangi ya ukutani nayo ikirukia gari usiisugue na thina kwa pupa, mpelekee fundi rangi wa magari.

Halafu muombe fundi asimamishe kazi kwa upande wako tu. Ombi dogo la namna hiyo hukubaliwa haraka kuliko kudai kazi nzima isimame. Tunza risiti za chochote ulichonunua kuokoa hali, turubai likiwemo, kwani ni sehemu ya madai yako. Kinyume chake pia ni kweli: ukiacha sofa linyeshewe siku nne ili hasara ionekane kubwa, hasara hiyo ya ziada itarudi kwako.

Jambo moja halina mjadala wala mazungumzo ya ujirani. Ukiona milango imeanza kukwama ghafla, nyufa zinazopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au nguzo ya zege imepasuka wakati jirani anachimba karibu na msingi wako, toa watu nje na upige 114, Zimamoto na Uokoaji. Jiji hili limeshaona ghorofa likianguka Mtaa wa Indira Gandhi Machi 29, 2013, na jingine Kariakoo Novemba 16, 2024.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi siku hiyohiyo

Piga picha za aina tatu. Ya kwanza ya mbali, ionyeshe nyumba zote mbili kwa pamoja, fundi na kazi yake vikiwemo. Ya pili ya wastani, ionyeshe ukuta au chumba kizima. Ya tatu ya karibu, ukiwa umeweka rula, kalamu au sarafu kando ya ufa ili ukubwa uonekane. Malizia kwa video fupi huku ukitaja tarehe, saa na unachokiona. Faili za asili zibaki kwenye simu, maana WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, ila utatakiwa kueleza ulipigwaje na umehifadhiwa wapi.

Kwenye nyufa ndiko watu wanakoshindwa, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ufa mpya ndani yake ni msafi, kingo zake ni kali, na rangi imekatika hapohapo. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, pengine rangi iliyopakwa juu yake ikaingia ndani. Piga picha ya karibu inayoonyesha hilo kabla ya mtu yeyote kuziba au kufuta. Kisha chukua penseli, weka alama mwisho wa ufa pande zote mbili na uandike tarehe pembeni. Ufa ukipita alama ile wiki ijayo, unajua ukuta bado unatembea. Mafundi wazoefu hugandisha kipande chembamba cha kioo kwa saruji kukatiza ufa. Kioo kikivunjika, tatizo linaendelea na kuziba kwa plasta ni kupoteza pesa.

Jiulize pia kama kweli ni yeye. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye plasta mara nyingi ni za plasta yenyewe, ilikauka haraka au saruji ilizidi. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha kushuka chini, uliotokea wiki ileile jirani alipochimba shimo la choo mita moja kutoka kwako, huo una maelezo mengine. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani hapa ni mchanga, na mchanga ukichimbwa chini kuliko msingi wa jirani bila kuegemezwa, unahama. Maji nayo hufanya kazi hiyohiyo polepole: gata mpya iliyoelekezwa chini ya ukuta wako inalowesha udongo unaobeba msingi. Kwa hiyo usipige picha ya ufa pekee, piga na shimo, gata, au kifusi kilichorundikwa ukutani.

Andika majina na namba za simu za walioona, fundi mwenyewe na saidia fundi wakiwemo. Saidia fundi hana sababu ya kudanganya siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Ongea na mwenye nyumba, si na fundi

Fundi atakuambia "mama usijali, nitakurekebishia jioni." Pengine ana nia njema, lakini wewe huna mkataba naye, na akipata kazi nyingine Mbagala kesho, hutamuona tena. Aliyemleta ndiye wa kuongea naye. Kama ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, jina lake linatakiwa kuwa kwenye bango la mradi, na hapo una watu wawili wa kudai: mwenye nyumba na kampuni. Waandikie wote wawili. Wagawane wenyewe huko.

Nenda kwa miguu yako, jioni, ukiwa umetulia. Salamu kwanza, shikamoo kama ni mzee, ulizia nyumbani, kisha sema jambo lako kama lilivyo. Ukishatoka, mtumie ujumbe wa maandishi usiku huohuo. Mfano:

"Baba Salma, habari za jioni. Kama nilivyokueleza, leo saa nane mchana mafundi wako wakiezua paa upande wa kwangu, bati lilianguka likavunja kioo cha dirisha la chumba cha watoto na kupasua bomba. Fundi alikuwepo na aliona. Picha hizi hapa. Naomba kesho asubuhi uje tuangalie pamoja kabla kazi haijaendelea upande huu. Asante jirani."

Ujumbe huo hauna tusi wala tishio. Una tarehe, saa, kilichoharibika, aliyeona na ombi. Akijibu "pole sana, nitakuja," tayari hajakana. Usiongeze maneno ya "utanitambua"; siku ujumbe huo ukisomwa mbele ya watu, maneno hayo yatasikika kuliko bati lililoanguka.

Mjue pia mwenye nyumba halisi. Nyumba nyingi mjini zinakaliwa na wapangaji huku mmiliki akiishi Kigamboni, Mwanza au Omani. Mpangaji hawezi kuahidi fidia kwa niaba yake. Omba namba ya mmiliki au ya msimamizi.

Hatua ya 4: Tafuta bei ya haki

Ukisema "nataka milioni mbili" bila karatasi, jirani anasikia tamaa. Ukileta mchanganuo, mnajadili mifuko ya saruji. Tafuta mafundi wawili, kila mmoja akupe makadirio yake kwa maandishi: vifaa, ufundi, usafiri wa vifaa, uondoaji wa kifusi. Hasara ikiwa kubwa au ikigusa msingi, lipia mhandisi aliyesajiliwa akuandikie ripoti. Gharama ya ripoti iingize kwenye madai.

Hesabu ndogo unaweza kuzifanya mwenyewe. Ukuta wa mita 4 kwa mita 3 ni mita za mraba 12. Plasta ya unene wa sentimita moja na nusu, kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, itakula mfuko mmoja na nusu hivi wa kilo 50. Rangi ya maji kwa mikono miwili ni kama lita mbili na nusu, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na inabaki. Fundi akikuandikia mifuko sita na ndoo ya lita 20, anakarabati na kwake.

Palipo na hoja mbili, simama hivi. Rangi: ukuta mzima upakwe, si kiraka, kwa sababu rangi mpya haifanani na ya miaka mitatu. Hilo ni dai la haki. Vitu vilivyochakaa: televisheni ya miaka minane hailipwi kwa bei ya mpya ya dukani. Kubali thamani yake ya sasa, au gharama ya kuitengeneza.

Halafu kuna suala la kukauka, ambalo linavuruga makubaliano mengi. Plasta mpya inahitaji wiki tatu hadi nne kabla ya kupakwa rangi, na ukuta uliolowa maji unaweza kutaka zaidi. Jirani atataka amalize kila kitu wikiendi moja ili afunge ukurasa. Ukikubali, rangi itabambuka kabla ya vuli. Weka malipo ya awamu mbili, plasta sasa na rangi baadaye.

Nani afanye kazi? Mimi naona bora pesa ije kwako na fundi awe wako. Fundi aliyeharibu akitengeneza bure anakimbiza kazi, na chanzo anakiacha: anaziba ufa huku gata bado inamwaga palepale. Ikibidi awe huyohuyo, sharti la kwanza liwe kurekebisha chanzo.

Hatua ya 5: Andikeni, hata kama mnapendana

Karatasi moja inatosha, nakala mbili, saini za pande zote na shahidi mmoja kila upande. Ipelekeni ofisi ya Serikali ya Mtaa, mwenyekiti au mtendaji ashuhudie na kugonga muhuri. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mimi ……, mmiliki wa nyumba iliyopo Mtaa wa ……, Kata ya ……, nakubali kwamba tarehe …… kazi ya …… kwenye nyumba yangu ilisababisha uharibifu ufuatao kwenye nyumba ya ……: (orodha). Nitarekebisha chanzo, yaani ……, kabla ya tarehe ……. Nitalipa Sh …… tarehe …… na Sh …… tarehe ……. Malipo ya mwisho yakipokelewa dai hili limekwisha, isipokuwa ufa uliotajwa ukiongezeka kabla ya mwisho wa Mei."

Kifungu cha mwisho kipiganie. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mtihani wa paa na msingi, na ukisaini kwamba "sina dai lolote tena" mwezi Januari, umejifunga mikono. Jirani akiona Mei ni mbali, punguzeni kwenye kiasi, msipunguze kwenye tarehe.

Malipo yapite kwenye simu au benki ili yaache kumbukumbu. Akileta taslimu, mwandikie risiti.

Hatua ya 6: Akikataa au akikukwepa

Mwandikie barua ya madai. Eleza tukio, ambatanisha picha na makadirio, mpe siku 14. Ipeleke na mtu atakayeshuhudia, apokee na kusaini kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba amekataa, tarehe na saa.

Kisha nenda Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti ataita pande zote, na kwa uzoefu wa mitaa mingi hapo ndipo mambo mengi huishia, kwa sababu hakuna anayependa kuitwa ofisini mara ya pili huku majirani wakimuangalia. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumlazimisha mtu alipe. Kazi yake ni kupatanisha, na barua yake inakusaidia huko mbele.

Kama kazi bado inaendelea na inahatarisha, peleka malalamiko kwa maandishi halmashauri, idara inayosimamia vibali vya ujenzi. Zipo tano: Jiji la Dar es Salaam (ile iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Uliza kama kazi hiyo ina kibali. Kupaka rangi na kuziba matundu ni jambo dogo, lakini kuongeza chumba, kubadilisha muundo wa paa au kuchimba karibu na mpaka ni habari nyingine. Mkaguzi akija na akaona hatari, anaweza kusimamisha kazi. Halmashauri haitakulipa fidia, ila kazi ikisimama jirani hupata nafasi ya kukusikiliza.

Polisi? Wengi hukimbilia huko kwanza na kurudi wamenuna, wameambiwa "hili ni la madai." Na ni kweli, ajali ya fundi si jinai. Nenda polisi kama uharibifu ni wa makusudi, kama umetishiwa, au kama bima ya gari lako inataka namba ya taarifa. Mwenye bima kubwa ya gari aitaarifu kampuni mapema na asitengeneze kabla wakaguzi wao hawajaliona. Kampuni ikikulipa, inaweza kumdai jirani yenyewe.

Hatua ya 7: Mahakama

Hapa watu wanachanganya milango. Kama ugomvi umegeuka kuwa wa mpaka au umiliki, mfano jirani anasema ukuta alioubomoa uko kwenye kiwanja chake, huo ni mgogoro wa ardhi na unaanzia Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hilo haliamui tena migogoro ya ardhi, linapatanisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho.

Kama hakuna anayebishania ardhi na unadai fidia tu ya vilivyovunjwa kwa uzembe, hiyo ni kesi ya madai ya kawaida, na mlango wake ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka mitatu tangu tukio. Ukiwa na karatasi ya Hatua ya 5 iliyosainiwa na akaacha kulipa, unadai makubaliano, na hapo muda ni miaka sita. Mahakama yenyewe itawapeleka kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza kesi, kwa hiyo jiandae kwa kiwango cha chini unachoweza kukubali.

Kwa kioo na bomba, ada na nauli zitakula fidia yote. Kwa msingi uliotitia, tafuta wakili. Asiyemudu aulizie msaada wa kisheria: sheria yake ipo tangu 2017, wasaidizi wa kisheria wako kwenye kata nyingi, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake hupokea watu hapahapa mjini.

Kama jirani yako ni shule ya serikali, zahanati au ofisi ya umma, usifungue kesi haraka. Sheria inataka kwanza notisi ya siku 90. Anza kuihesabu mapema, hata kama mkuu wa shule anakuahidi mambo mazuri.

Kwa wapangaji na wakaa maghorofani

Mpangaji anadai vilivyo vyake: godoro, televisheni, nguo, bidhaa za dukani. Ukuta na dari ni vya mwenye nyumba, naye mtaarifu kwa maandishi siku hiyohiyo. Usitengeneze ukuta kwa pesa yako ukitumaini kukata kwenye kodi kabla hajakubali kwa ujumbe.

Ghorofani, maji yakivuja kutoka juu wakati wa ukarabati wa bafu, uliza kwanza ni bomba la nani. La ndani ya nyumba ya juu ni la mwenye nyumba ile. Bomba kuu linaloshuka jengo zima ni la wote, na dai linakwenda kwa uongozi wa jengo.

Siku wewe ndiye unayeita fundi

Zunguka na jirani kabla ya kazi, piga picha ukuta wake, fensi yake na paa lake, mtumie nakala hizo. Mwambie tarehe za kuanza na kumaliza ili aondoe gari. Kwenye makubaliano na fundi wako andika kwamba uharibifu wa kwa jirani unakatwa kwenye ufundi, na usimlipe awamu ya mwisho kabla jirani hajapita kukagua upande wake.